Milango ya Mwambani: Juu ya Kuzuru Makao ya Kale ya Urua pamoja na Mwongozi

Wanafunzi wanaosoma habari za makao ya kale yaliyowekwa katika kuta za miamba huonyeshwa kwa kawaida picha mbili. Ya kwanza ni ya Mesa Verde, katika jimbo la Colorado nchini Marekani, ambako mababu wa Wapueblo walijenga nyumba za mawe chini ya vichwa vya majabali, kisha wakazihama kabla ya mwaka 1300 kupita. Ya pili ni ya genge la Bandiagara nchini Mali, ambako Watellem waliweka maghala na makaburi yao juu mwambani kabla ya Wadogoni kuja kukaa huko. Mahali hapo pawili pamo katika orodha ya Urithi wa Dunia, pa kwanza tangu 1978, pa pili tangu 1989. Na huko Mesa Verde mgeni haruhusiwi kuingia katika jumba lililo kubwa kuliko yote mpaka awe amekata tikiti na kufuatana na mlinzi wa hifadhi. Basi hapo swali huulizwa, nalo ni swali la haki: je, sisi wa Kamina na nchi nzima ya Haut-Lomami hatuna kitu cha namna hiyo?

Kipo. Habari zake ziliandikwa tangu 1868, na kwa sehemu kubwa zilipita katika vinywa vya watu wa misafara iliyosema Kiswahili. Lakini hakuna anayekata tikiti, wala hakuna kibao njiani. Makala haya yanakusudia kueleza habari hizo zilikuwa nini, watu wa mwambani walikuwa akina nani, na kwa nini kazi ya mwongozi katika ziara kama hiyo ni kazi ya lugha kabla ya kuwa kazi ya miguu.

Habari za 1868

Katika barua aliyoiandika Julai 1868, akiwa upande wa ziwa Bangweulu, David Livingstone aliieleza serikali ya Uingereza kwamba katika nchi ya Rua lipo kabila linaloishi katika nyumba za chini ya ardhi. Aliambiwa kwamba baadhi ya mapango hayo yana urefu wa maili thelathini, yaani karibu kilomita hamsini, na kwamba ndani yake vijito vya maji hutiririka, hata watu wa wilaya nzima waweza kuzingirwa humo wasishindwe. Katika shajara yake aliongeza mengine: makao hayo yamejipanga ubavuni mwa mlima kwa mwendo wa maili ishirini, milango mingine iko sawa na ardhi, na mingine haifikiwi ila kwa ngazi, ndani ni kupana mno, nayo si kazi ya mikono ya watu bali ni kazi ya Mungu. Mwisho akaandika kwamba watu hao wana kuku wengi, na kuku nao hulala humo humo mapangoni.

Mimi huamini habari hii kwa sababu ya hao kuku. Mtu anayetunga ajabu ili kumfurahisha mgeni ataongeza maili, ataongeza giza, pengine ataongeza joka. Ni nadra akumbuke kuku. Maili thelathini tuziache kwa msimuliaji. Ngazi, kijito na kuku ni mambo ya mtu aliyefika, au aliyesikia kwa mtu aliyefika.

Jina Rua lataka maelezo, kwani wanafunzi wengi hulisoma katika vitabu vya wasafiri wasijue kwamba wanasoma jina la nyumbani kwao. Urua ni Uluba, na Warua ni Waluba. Katika vinywa vya watu wa misafara iliyotoka pwani na Unyamwezi, l ilisikika kama r, jambo lililo la kawaida katika lugha nyingi za bara na hata katika lafudhi nyingi za Kiswahili. Nayo b ya Kiluba, ambayo kati ya irabu mbili hutamkwa kwa midomo isiyogusana sawasawa, ikapotea. Livingstone aliandika Rua, na Verney Lovett Cameron, aliyepita miaka sita baadaye, aliandika Urua. Kwa hiyo hata kabla ya kuuona mlima wowote, msomaji wa habari hizi amekwisha kuongozwa na Kiswahili: nchi imepewa jina kama ilivyosikika njiani, si kama wenyewe walivyoiita.

Jambo la pili ni la maana zaidi. Livingstone alikuwa amesikia kwamba mapangoni mna maandishi. Alipouliza zaidi, baadhi ya wenyeji walimweleza kwamba si herufi, ni picha za wanyama. Naye akaeleza waziwazi kwamba kama zingalikuwa herufi angalikwenda kuziona. Hakwenda. Neno moja lilitosha kumgeuza njia.

Tulitazame neno hilo kwa upande wetu. Katika Kiswahili, kuandika hakukuwa kamwe jambo la herufi peke yake. Tunaandika meza, yaani tunapanga vyombo kwa utaratibu. Tunaandika askari, yaani tunawaingiza katika kundi. Katika Kiluba, kama katika Kibemba, shina -lemba ndilo la kuandika, na mtu anayelifuata shina hilo katika lugha za jirani atalikuta pia katika kuchora na kupamba. Waluba wana na neno ntapo, yaani chale zinazokatwa mwilini, ambazo kwao si pambo tu: zasomwa. Basi mtu wa nchi hii aliyesema kwamba mwambani pameandikwa hakuwa amesema uongo, na yule aliyesahihisha kwamba ni picha hakuwa amempinga mwenzake. Mgawanyo wa herufi huku na michoro kule ulikuwa katika kichwa cha mwulizaji. Ni hasara iliyoje kwamba uamuzi wa kwenda au kutokwenda ulisimama juu ya mgawanyo huo!

Michoro ya mwambani ipo katika Katanga. Iliyo mashuhuri zaidi ni ya pango la Kiantapo, ambayo padri Henri Breuil, mwanachuoni Mfaransa wa sanaa ya kale, aliitolea kitabu mwaka 1952. Sidai kwamba ndiyo ile aliyosimuliwa Livingstone. Ya Kiantapo ni alama zilizokatwa na kudonolewa katika jiwe, vidoto na mistari. Hata hivyo mwenye kusema Kiluba hatakosa kusikia ndani ya jina Kiantapo lile lile neno la chale.

Cameron naye alisimuliwa juu ya makao ya chini ya ardhi upande wa mto Lufira. Yale aliyoyaona kwa macho yake mwaka 1874, asiruhusiwe kuyakaribia, ni makao ya namna nyingine: vijiji vilivyojengwa juu ya nguzo katikati ya maji ya ziwa dogo aliloliita Mohrya, si mbali na makao makuu ya mfalme Kasongo Kalombo. Wenyeji hawakumpa mtumbwi. Ikambidi avichore kutoka ufukoni. Nyumba juu ya maji, nyumba ndani ya mwamba: mtu anayetafuta makao ya kale ya Urua aviweke vitu hivi viwili pamoja, kwani nadhani vina sababu moja.

Nani alijificha, na dhidi ya nani

Wasafiri wengi waliandika juu ya watu wa mapangoni kama kwamba ni watu wa namna ya pekee, waliobaki nyuma wakati wengine walipojifunza kujenga. Akiolojia ya bonde la Upemba haikubali jambo hilo hata kidogo. Tangu uchimbaji wa 1957 na 1958 huko Sanga, kandokando ya ziwa Kisale, kazi ya Jean Hiernaux na Jacques Nenquin, na baadaye kazi ya Pierre de Maret katika miaka ya 1970, twajua kwamba mababu wa Waluba walikuwa wakiishi bondeni, kwenye vilima vidogo kati ya mito na mabwawa, kwa zaidi ya miaka elfu. Walivua samaki, wakalima, wakafua chuma, na kuanzia karne za 8 hadi 10 walikuwa wakiwazika baadhi ya watu wao pamoja na mashoka ya heshima na fuawe za chuma, vitu ambavyo katika nyakati za baadaye vilikuwa alama za utawala wa Waluba. Katika makaburi ya karne zilizofuata mna vyungu vya ufundi mkubwa na vipande vya shaba vya umbo la msalaba. Hawa si watu waliokosa nyumba. Wenyeji wa bonde hili walikuwa na nyumba zao mahali penye samaki, na hakuna samaki juu ya genge.

Mtu huenda mwambani anapofukuzwa.

Ushahidi wa jambo hili umo katika vitabu vile vile vinavyosifu ajabu ya mapango; ni kwamba umeandikwa katika kurasa nyingine. Livingstone aeleza jinsi Salim bin Habib, mfanyabiashara wa Kiarabu, alivyouawa na watu wa Urua usiku ndani ya hema lake, na jinsi ndugu yake, Said bin Habib, alivyopiga vita vya kisasi katika nchi nzima ya Urua. Cameron alimkuta Juma Merikani katika makao makuu ya Kasongo Kalombo, na pamoja naye mfanyabiashara José Antonio Alvez aliyetoka Bihe, upande wa bahari ya magharibi. Meno ya juu na meno ya chini yalikuwa yamekutana katika Uluba. Wakati wa kuondoka, mtu mmoja wa Alvez alileta wanawake 52 waliofungwa kamba, na Cameron akakadiria kwamba ili kuwapata hao 52, vijiji kumi vilikuwa vimeharibiwa, kila kimoja kikiwa na watu mia moja au mia mbili. Aliyekuwa katika kijiji cha kumi na moja alifikiri nini alipousikia moshi? Akiwa na mlima karibu, alipanda na kuku wake.

Hapa ndipo Kiswahili chetu hakina budi kujitazama. Lugha ambayo kwayo habari za mapango zilimfikia Livingstone ilikuwa pia lugha ya wengi miongoni mwa wale ambao watu waliingia mapangoni ili kuwakwepa. Si lugha iliyoteka watu, ni watu walioteka watu. Lakini mwongozi wa leo anayewaeleza wageni kwa Kiswahili habari za mlango wa mwambani anaieleza kwa maneno yaliyoingia nchini kwa njia ile ile. Ataliita pango makao, au maficho, au makimbilio? Maneno haya matatu hayafanyi kazi moja. Makao yamfanya msikilizaji aulize walikula nini na walilala wapi. Maficho yamfanya afikiri juu ya wevi na waasi. Kwa hakika ndilo neno ambalo wenye nguvu hulipenda. Makimbilio yamlazimisha aulize: walikimbia nini? Mimi nachagua la tatu, ingawa nakubali kwamba kwa mtu aliyezaliwa humo, akakua humo, pango lilikuwa makao vilevile.

Jambo hili halikuwa la Urua pekee. Joseph Thomson alifika mlima Elgon mwaka 1883, akakuta katika miamba ya upande wa kusini mapango makubwa yaliyokaliwa na Waelkony: vibanda ndani, ng'ombe ndani, na milango iliyozibwa kwa boma la miti. Aliwauliza nani aliyachimba. Wakamjibu kwamba ni Mungu, jibu lile lile lililofika kwa Livingstone. Thomson hakuridhika, akafikiri kwamba hapana budi taifa fulani la kale lililoendelea, labda la upande wa Misri, lilichimba humo likitafuta madini au vito. Miaka mia moja baadaye uchunguzi katika pango la Kitum ulionyesha kwamba wachimbaji walikuwapo, na wangali wakifika usiku mpaka wakati huo: ni ndovu, wanaobomoa kuta za pango kwa pembe zao ili wapate chumvi. Ndovu wakachonga, watu wakaingia, na msafiri akawatafuta Wamisri. Mwongozi wa Elgon ana bahati ya kuwa na kisa hiki, maana kinachekesha na kinafundisha kwa wakati mmoja. Wa Katanga hana bahati hiyo, maana kisa chake kikubwa hakichekeshi.

Mulume Niama alikuwa mtawala wa Wasanga (wasichanganywe na mahali paitwapo Sanga pa ziwa Kisale). Wasanga walikuwa wamekwisha kuasi utawala wa Msiri, Mnyamwezi aliyejifanyia ufalme huko Bunkeya na kuuawa na watu wa Dola Huru ya Kongo tarehe 20 Desemba 1891. Walioasi mkono mmoja hawakukubali kuinamia mwingine. Watu wa Mulume Niama walipomwua ofisa mmoja wa Dola, majeshi yaliwafuatia mpaka wakaingia katika pango kubwa la mawe ya chokaa. Waliambiwa wajisalimishe, wakakataa. Miezi mitatu ikapita. Askari walipoingia hatimaye walikuta maiti 178. Kisha, kwa kuogopa kwamba mahali hapo pangekuwa kaburi la mashahidi, wenye amri waliuporomosha mlima ili kuufuta mlango wake.

Msomaji aitafakari kazi hiyo ya mwisho. Vita vilikwisha, adui hayupo, na bado jeshi lilitumia nguvu zake kuuondoa mlango. Walijua kwamba siku moja mtu angewaleta watu hapo, angesimama mbele yao na kuanza kusema. Walimwogopa mwongozi.

Siku ya ziara

Katika misafara ya karne ya 19 aliyetangulia aliitwa kirangozi. Alivaa tofauti na wapagazi, akabeba bendera, na mtu aliyempita njiani alitozwa faini. Kazi yake ilikuwa kuijua njia, si kuieleza. Mwongozi wa ziara ya masomo ana kazi iliyopinduliwa: njia mara nyingi ni fupi, bali maelezo ndiyo marefu. Nchi hii inao mfano wa kazi hiyo ulio bora kuliko kirangozi. Katika chama cha mbudye cha Waluba walikuwako watu wa kumbukumbu, bana balute, waliosoma lukasa, ubao wa kushika mkononi uliotiwa shanga na kuchongwa alama. Kidole kilipopita juu ya shanga, mdomo ulitaja wafalme, safari zao, maziwa na milima. Ubao mmoja uliweza kusomwa kwa namna mbalimbali kufuatana na msomaji na wasikilizaji wake. Maonyesho ya sanaa ya Waluba yaliyofanywa New York mwaka 1996 yaliwafanya wengi huko nje waujue ubao huu. Huku kwetu ungestahili kujulikana na kila anayetaka kuwatembeza watu. Bana balute waliipeleka nchi kwa watu waliokaa kitako. Mwongozi huwapeleka watu kwenye nchi, lakini kusoma ni kule kule.

Sasa juu ya mambo ya safari yenyewe. Kutoka Kamina hakuna mwamba wa kufikiwa na kurudi kwa siku moja. Reli yaenda Bukama, ambako Lualaba huanza kupitika kwa vyombo, kisha Tenke na Likasi. Na nchi ya mapango ni ya kusini na mashariki, kwenye chokaa ya upande wa Likasi, milima ya Mitumba na uwanda wa juu wa Kundelungu. Kwa hiyo inayoitwa ziara ya siku moja maana yake ni siku moja mahali penyewe, pamoja na siku za njia kabla na baada. Walio wepesi wa kuanzia ni Kakontwe, karibu na Likasi, ambako katika chokaa ile ile yalipatikana mifupa ya wanyama wa zama za kale. Hapo mwanafunzi hujifunza jambo la kwanza la lazima: jinsi maji yanavyokula chokaa polepole na kuacha vyumba, hata asihitaji kuwatafuta wachimbaji.

Sehemu za Upemba na Kundelungu ni hifadhi za taifa, ya kwanza tangu 1939 na ya pili tangu 1970, na haziingiwi bila ruhusa ya taasisi ya uhifadhi. Huko kumekuwa na makundi yenye silaha kwa miaka mingi, na walinzi wamelipa kwa maisha yao. Hali ya usalama huulizwa wiki ile ile ya safari, wala haitoshi kuwa iliulizwa mwaka uliopita. Baada ya ruhusa ya serikali kuna ruhusa ya mwenye nchi. Katika Uluba maziwa, milima na mapango vina bavidye wake, na mtu haendi kwao mikono mitupu wala kwa kelele. Mwenyeji ataeleza kama patapakwa mpemba, chokaa nyeupe, na nani ataingia na nani atabaki nje. Kuna wanafunzi wanaoliona jambo hili kuwa la kupoteza wakati. Mimi naliona kuwa nusu ya somo. Mtu anayeomba ruhusa mlangoni amekwisha kukubali kwamba ni mlango wa mtu.

Jambo la popo lisichukuliwe kwa mzaha. Watu wawili waliozuru pango la Kitum, mmoja mwaka 1980 na mwingine mwaka 1987, walikufa kwa ugonjwa wa Marburg. Huko Durba, kaskazini-mashariki ya Kongo, ugonjwa huo uliwashika watu 154 kati ya 1998 na 2000, wengi wao wachimbaji wa dhahabu, na 128 wakafa. Uchunguzi wa baadaye katika migodi ya Uganda uliikuta virusi yake ndani ya popo wanaokula matunda na kulala mapangoni. Kwa hiyo ziara ya wanafunzi hukoma pale mwanga wa jua unapokoma. Penye popo wengi haliingiwi hata pango zuri namna gani. Wala vinyesi vyao havikanyagwi, wala mtu hagusi ukuta kisha akala. Hatukosi kitu kikubwa. Watu waliokimbilia mwambani waliishi zaidi karibu na mlango, penye hewa na mwanga na mahali pa kuchungulia bondeni, na alama zao zapatikana hapo: masizi darini, vigae vya vyungu, mawe ya kusagia. Navyo vitu hivi huachwa vilivyo. Kigae kilichotiwa mfukoni hakisemi tena kilikuwa karibu na kipi.

Kuhusu maelezo, nashauri mwongozi aachwe aseme kwanza kwa lugha aliyoipokea habari, mara nyingi Kiluba au Kisanga, ndipo aifasiri mwenyewe kwa Kiswahili. Tukimtaka aanze kwa Kiswahili atatupa yale anayodhani wageni wa Kiswahili wanayataka, na wageni wa siku nyingi walitaka maajabu. Mwanafunzi mmoja wa Kiluba na mmoja asiyejua Kiluba wakae pamoja, kila mmoja aandike peke yake, kisha walinganishe. Mahali daftari zao zinapopishana ndipo penye kazi: hapo mwongozi alisema neno moja na kulifasiri kwa mawili, au alisema mawili akafasiri moja, au alinyamaza. Kunyamaza nako kuandikwe. Wazee wa sehemu hizi hawana haraka ya kutaja ni nani aliyewafukuza babu zao mbele ya kijana ambaye jina lake laweza kuwa la kabila la mfukuzaji. Na katika kikundi chochote cha Kamina, mji wa reli uliokusanya watu wa kila upande, kijana huyo hakosekani.

Maswali yawe madogo. Ngazi zilikuwa za mti gani, na usiku zilivutwa juu au ziliachwa? Nani alishuka kuchota maji pale kijito hakikuwamo ndani? Moto uliwashwa wapi ili moshi usionekane bondeni? Kuku je, waliachwa wawike? Swali hili la mwisho si la kuchekesha. Jogoo mmoja angeweza kukiuza kijiji kizima kwa wawindaji wa watu, na jinsi watu walivyofanya juu ya jogoo yaweza kutueleza kama walikuwa wamejificha kwa usiku mmoja au wamekaa miaka wakiutegemea mlango wao.

Kanda zikisharekodiwa zisikilizwe pamoja na mwongozi siku ile ile, kabla ya kushuka, ili asahihishe majina ya watu na ya mahali. Jina la mlima lililoandikwa vibaya litakwenda vibaya katika kila tasnifu itakayofuata, kama Urua ilivyokwenda. Nakala moja ya kanda na moja ya maandishi zibaki kijijini kwa mwenye nchi, na nyingine iletwe idarani. Na mwongozi alipwe kama mwalimu wa siku hiyo, kwa kiasi kilichopatanwa kabla ya kupanda, si kwa bakshishi ya kumtupia mkononi wakati gari limekwisha kuwashwa.